PAKA WA GHALANI NAYE APIMWE: Namna ya Kufuatilia Uzito wa Paka Wako Nyumbani kwa Mizani, Mkono na Daftari

Leo tunamzungumzia mfanyakazi ambaye hayumo kwenye orodha ya mishahara, hadai posho, na kazi yake kubwa anaifanya usiku wewe ukiwa umelala. Namsema paka.

Najua kuna atakayeuliza, "Afisa, leo umeishiwa mada?" Subiri kidogo. Wewe unayehifadhi mahindi ukisubiri bei ipande unajua panya anavyokutia hasara. Anakula, anakojolea nafaka, anatoboa magunia. Kama unatumia mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, tundu moja tu la panya linaingiza hewa na dumuzi uliotegemea afe kwa kukosa hewa anaendelea kutafuna. Mwenye banda la kuku naye ana kilio chake: chakula kinaliwa usiku, mayai yanapotea, vifaranga wanang'atwa. Ndiyo maana wengi wenu mnafuga paka, na wahenga walishasema kwamba paka akiondoka, panya hutawala.

Sasa nijibu swali moja kwa ukweli: paka wako ana kilo ngapi?

Kuku wa nyama unawapima kila wiki. Ng'ombe wa maziwa unampima kifua kwa utepe. Paka anapimwa kwa jicho, na kwa paka jicho halitoshi. Ana manyoya yanayoficha mbavu, na unamwona kila siku, kwa hiyo mabadiliko yanakupita polepole bila kuyagundua. Isitoshe, paka ana tabia ya kuficha ugonjwa. Atajikunja juani kama kawaida huku mwili unaisha. Siku utakayosema "mbona huyu paka amekonda," mara nyingi tatizo lina wiki kadhaa au miezi.

Habari njema ni kwamba kifaa cha kuliona tatizo mapema huenda tayari unacho. Ni mizani ile ile ya kupimia kuku. Twende taratibu.

1. KWA NINI GRAMU CHACHE ZINA UZITO MKUBWA

Mkulima amezoea kilo. Ukimwambia ng'ombe amepungua gramu 300 atacheka. Lakini paka ni mnyama mdogo. Chukua paka wa kilo 3.6 aliyepungua gramu 300. Piga hesabu: 0.3 gawanya kwa 3.6, zidisha kwa 100. Unapata asilimia 8.3. Mtu mwenye kilo 60 akipungua kwa kiwango hicho, amepoteza kilo 5. Mtu huyo nyumbani kwenu mngemkalisha chini na kumuuliza ana shida gani.

Kwa hiyo shika hili tangu mwanzo: kwa paka tunahesabu asilimia. Gramu peke yake zitakudanganya.

2. KILO NGAPI NDIYO SAWA?

Hakuna namba moja ya paka wote. Paka wengi wa kawaida wakishakomaa huwa kati ya kilo 3 na 5, na madume huwazidi majike. Paka wetu wengi wa kienyeji wana umbo dogo, kwa hiyo jike mwenye afya nzuri anaweza kuwa chini ya kilo 3 na asiwe na tatizo lolote. Dume lenye mifupa mikubwa linaweza kufika kilo 5 bila kuwa na mafuta ya ziada.

Ndiyo maana usimlinganishe paka wako na wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Akifikisha umri wa mwaka mmoja, akiwa mzima na mwili wake uko vizuri kwa kipimo cha mkono nitakachokueleza hapo chini, uzito wa siku hiyo uandike. Huo ndio uzito wake wa msingi. Maisha yake yote utakuwa unauliza: yuko juu au chini ya hapo, na kwa asilimia ngapi?

Kama paka wako tayari ni mtu mzima na hujawahi kumpima, anza leo. Uzito wa leo pamoja na kipimo cha mkono vitakupa pa kuanzia.

3. JINSI YA KUMPIMA

Tumia mojawapo ya mizani hizi:

*Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza.* Hii wafugaji wengi wa kuku wanayo. Muweke paka kwenye kikapu chenye mfuniko au begi imara la zipu, acha nafasi ya hewa, kisha ning'iniza. Pima kwanza kikapu kitupu, urudishe mizani kwenye sifuri, halafu umuweke paka. Kama mizani yako hairudi sifuri, toa uzito wa kikapu kwenye jumla.

*Mizani ya kidijitali ya jikoni au ya mezani.* Nzuri sana kwa watoto wa paka kwa sababu inaonyesha gramu moja moja. Angalia kwanza mwisho wake ni kilo ngapi, maana mingine inaishia kilo 5, na paka pamoja na boksi wanaweza kuzidi hapo. Weka boksi, rudisha sifuri, muweke paka ndani. Ukitia punje chache za chakula au dagaa mmoja ndani ya boksi, ataingia mwenyewe bila vita. Kama unataka namba kamili, mpe huyo dagaa baada ya kusoma.

*Mizani ya kusimama, ya kupimia watu.* Simama umembeba paka, soma. Muweke chini, simama peke yako, soma. Toa. Mfano: mkiwa wawili kilo 67.4, peke yako kilo 63.8, paka ana kilo 3.6. Kumbuka mizani hizi nyingi zinaruka kwa gramu 100, na ukijumlisha makosa ya kupima mara mbili unaweza kukosea hata gramu 200. Kwa paka hiyo ni kubwa. Kwa hiyo pima mara tatu uchukue wastani.

Ile mizani ya mshale inayoning'inizwa, kama ya kliniki ya watoto, nayo inafaa ukiwa huna nyingine. Mistari yake ni ya gramu 100, kwa hiyo itakuonyesha mabadiliko makubwa tu.

Masharti ni manne, na yote yanahusu kufanya jambo lile lile kila mara:

- Mizani ile ile. Usipime leo kwa ya kwako, wiki ijayo kwa ya jirani.
- Muda ule ule. Asubuhi kabla hajala ndiyo vizuri.
- Chombo kile kile, na ukipime tena kila mara. Kikapu kilicholowa kinaongeza gramu.
- Kwa utulivu. Usimshike paka kwa ngozi ya shingo ukamning'iniza kama sungura wa mnadani. Acha kikapu wazi siku mbili tatu mahali anapolala akizoee, siku ya kupima kazi inakuwa nyepesi.

Akikukwaruza au kukung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Kichaa cha mbwa kinaambukizwa na paka pia. Paka wako awe na chanjo.

Mara ngapi? Paka mkubwa mwenye afya, mara moja kwa mwezi inatosha. Mwenye tatizo, anayepunguzwa mwili, au aliyezidi miaka 10, kila baada ya wiki mbili. Watoto wa paka nitawaeleza mbele.

4. MKONO NAO NI KIPIMO

Mizani inakwambia uzito tu. Haikwambii kama ni misuli, mafuta, mimba au maji tumboni. Hapo ndipo mkono unaingia. Wenye ng'ombe wa maziwa mmezoea kutoa alama ya hali ya mwili. Kwa paka madaktari wa mifugo hutumia alama 1 hadi 9, na katikati, yaani 5, ndiyo nzuri. Wewe huhitaji kukariri zote. Jua makundi matatu tu.

Kwanza fanya jaribio hili kwenye mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vya vidole. Umesikia mifupa ilivyochomoza? Mbavu za paka zikiwa hivyo, amekonda. Sasa kunjua mkono, uulaze, pitisha kidole juu ya mgongo wa kiganja. Mifupa unaisikia bila kubonyeza sana. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Mwisho geuza mkono, bonyeza ile nyama nene chini ya kidole gumba. Mbavu zikiwa zimejificha hivyo, amezidi mafuta.

Sasa mguse paka sehemu nne:

- Mbavu. Pitisha vidole pande zote mbili kwa wepesi na ulinganishe na jaribio la mkono wako.
- Kiuno. Mtazame kwa juu akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu kuwe na kibonyeo kidogo. Kibonyeo kikali kama saa ya mchanga ni ukondefu; mwili ulionyooka au kutokeza pembeni ni unene.
- Uti wa mgongo na nyonga. Mifupa iguswe bila kuchoma mkono. Ukisikia imechongoka kama ukingo wa jembe, misuli imeisha.
- Tumbo. Mtazame kwa ubavuni. Liinuke kidogo kuelekea miguu ya nyuma.

Angalizo: paka wengi wana mfuko wa ngozi unaoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma, unaotikisika akikimbia. Huo ni wa asili. Hata paka mwembamba anao, kwa hiyo usiuhesabu kuwa ni kitambi.

Na jingine: tumbo kubwa lenye mgongo mkavu usiliite shibe. Kwa mtoto wa paka hiyo mara nyingi ni minyoo. Kwa paka mkubwa inaweza kuwa mimba, maji tumboni au uvimbe. Hapo mizani peke yake ingekwambia mambo ni mazuri, kumbe mnyama anaumwa. Ndiyo maana mizani na mkono havitenganishwi.

5. DAFTARI: HAPA NDIPO FAIDA ILIPO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Mfululizo ndio unaosema. Chora safu tano: tarehe, uzito, mkono (amekonda, sawa, amezidi), chakula, na mengineyo (ametapika, amepewa dawa ya minyoo, yuko kwenye joto, amezaa). Unaweza kutumia simu, lakini daftari linaloning'inia ghalani kila mtu wa nyumbani analiona.

Tuangalie mfano huu wa paka mwenye uzito wa msingi wa kilo 3.60:

- Juni 1: kilo 3.60
- Juni 15: kilo 3.55
- Juni 29: kilo 3.45
- Julai 13: kilo 3.30

Kila mara kilichopungua ni kidogo: gramu 50, gramu 100, gramu 150. Kwa jicho, paka ni yule yule. Lakini daftari linaonyesha mambo mawili: anashuka kila unapompima, na anashuka kwa kasi inayoongezeka. Ukiangalia tarehe ya mwisho, kashapoteza asilimia 8.3.

Fuata kanuni hizi tatu:

- Amepungua mara mbili mfululizo, hata kama ni kidogo: chunguza chakula, meno na kinyesi, kisha mpime tena baada ya wiki moja.
- Amepungua asilimia 5 na hujui sababu: mpigie daktari wa mifugo, mpe hizo namba.
- Amefika asilimia 10: usisubiri tena, apelekwe.

Kwa paka wetu wa kilo 3.60, mstari wa asilimia 5 ni kilo 3.42 na wa asilimia 10 ni kilo 3.24. Ziandike hizo namba mbili juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Kuanzia hapo hata mdogo wako wa darasa la tano akimpima atajua lini akuite.

6. UZITO UKISHUKA: JIULIZE KAMA ANAKULA

Hili swali linagawanya matatizo makundi mawili.

*Anakula vizuri lakini anakonda.* Wa kwanza kushukiwa ni minyoo, hasa kwa paka anayekula panya na mwenye viroboto. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye kinyesi au vimeganda karibu na mkia, hiyo ni tegu. Kwa paka mzee, kula sana huku anakonda kunaweza kuwa ugonjwa wa tezi ya thairoidi shingoni. Akiongeza na kunywa maji mengi na kukojoa sana, kisukari kinaingia kwenye orodha. Jike anayenyonyesha naye hukonda kwa sababu chakula kinaishia kwenye maziwa. Huyo mpe chakula mara nyingi kadiri anavyotaka, anaweza kuhitaji mara mbili ya kawaida au zaidi.

*Hali, au anakula kwa kusuasua.* Mfungue mdomo. Meno mabovu na fizi zilizovimba humfanya aende kwenye bakuli, anuse, kisha aondoke. Paka mzee anayekunywa na kukojoa sana huku hamu ya kula inapungua anaweza kuwa na ugonjwa wa figo, unaowapata sana paka wenye umri mkubwa. Na akizubaa ghafla, fizi zikawa nyeupe, akitoka damu puani au kwenye kinyesi, fikiria sumu ya panya. Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda, na paka anaweza kudhurika kwa kula panya aliyekula sumu hiyo. Hapo ni mbio kwa daktari, na umchukulie pakiti ya sumu aisome. Kanuni ya ghalani ni fupi: ukifuga paka, usitege sumu.

Kuna sababu nyingine isiyohitaji daktari, nayo ni chakula chenyewe. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mbwa anaweza kusukuma siku kwa ugali na mchuzi, paka hawezi. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki na ambacho hakimo kwenye mahindi. Mwaka 1975 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba paka wakikosa taurini macho yao huharibika, na mwaka 1987 wengine wakagundua kwamba upungufu huo huo unaharibu moyo. Kwa hiyo ugali mkavu wenye harufu ya dagaa usiuhesabu kuwa mlo. Ugali uwe kidogo. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, utumbo na firigisi za kuku zilizopikwa, vipande vya nyama au samaki viwe vingi. Ini mpe kidogo mara moja moja, maana likizidi kila siku vitamini A inamdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama miiba. Maziwa ya ng'ombe siyo lazima. Paka wengi wakubwa yanawaharisha. Maji safi ni lazima.

7. "PAKA AKISHIBA HAWINDI": ACHENI HII HABARI

Nikipita mashambani nakutana sana na paka waliokondeshwa kwa makusudi. Mwenye nyumba atakwambia, "Nikimlisha hatakamata panya." Hoja inasikika vizuri, ila haiko hivyo.

Kwa paka, njaa na hamu ya kuwinda ni vitu viwili tofauti. Ndiyo maana paka aliyetoka kula atamrukia panya, amchezee, amuue, na asimle. Sasa fikiria hesabu hii. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Panya mdogo wa nyumbani ana kalori kama 30. Maana yake, ili aishi kwa kuwinda tu, angehitaji panya wadogo saba au nane kila siku bila kukosa. Ghala la namna hiyo halihitaji paka, linahitaji dua.

Paka mwenye njaa anatafuta kilicho rahisi: kifaranga, yai, sufuria ya jirani. Au anahama kabisa. Paka aliyekonda pia hana misuli ya kumrukia panya mkubwa wa ghalani anayepigana. Mlishe kiasi, asubuhi na jioni, karibu na eneo unalotaka alilinde. Atakaa hapo na atafanya kazi.

Nawe timiza sehemu yako: ziba matundu, panga magunia juu ya chaga mbali na ukuta, fagia nafaka iliyomwagika. Paka ni msaidizi. Hawezi kulinda ghala lililo wazi kila upande.

8. UZITO UKIPANDA: PUNGUZA, USIMFUNGISHE

Unene nao upo, hasa kwa paka wa ndani, paka aliyehasiwa, na paka wa kwenye banda la kuku wa nyama ambaye kila siku ya kuchinja ni sikukuu kwake. Baada ya kuhasiwa au kufungwa kizazi, mahitaji yake ya chakula hupungua kwa robo hivi, lakini hamu ya kula haipungui. Usiache kumhasi kwa sababu hiyo. Badilisha kipimo cha chakula tu.

Paka mnene anakimbia kidogo, viungo vinamuuma, hawezi kujisafisha mgongoni, na hatari ya kisukari inapanda. Paka aliyepaswa kuwa na kilo 4 akafika 5 amezidi kwa asilimia 25. Hiyo ni sawa na mtu wa kilo 60 kufika 75.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa paka hufa kwa nia njema ya mwenyewe. Usimnyime paka mnene chakula kabisa ili apungue. Paka, na hasa mnene, akikaa bila kula kwa siku mbili tatu, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi, ini linaziba na kushindwa kazi. Macho na fizi huwa za njano, na bila matibabu anakufa. Paka yeyote asiyekula kwa zaidi ya saa 24 ni wa kumpigia daktari simu.

Njia salama ni ya polepole. Lenga apungue kama asilimia 1 ya uzito kwa wiki, na isizidi 2. Kwa paka wa kilo 5 hiyo ni gramu 50 kwa wiki. Kilo moja itachukua miezi mitano hivi. Fanya hivi:

- Pima chakula kwa mizani, usikadirie kwa kiganja. Kama ni chakula kikavu cha dukani, kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, kwa hiyo paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 55 hadi 70 kwa siku. Soma mfuko wa chakula chako.
- Anza kwa kupunguza sehemu moja ya kumi ya anachokula sasa. Pima uzito baada ya wiki mbili ndipo uamue kupunguza tena.
- Gawa mlo mara mbili au tatu. Bakuli lisikae limejaa kutwa.
- Mlishaji awe mmoja. Paka ana ujanja wa kula kwako, kwa mama, na kwa kijana wa bandani, kila mtu akidhani hajala.
- Akishuka haraka kuliko asilimia 2 kwa wiki, mrudishie chakula kidogo na uongee na daktari.

Kabla ya yote hayo, hakikisha jike "mnene" hana mimba. Mimba ya paka ni wiki tisa hivi, na jike mwenye mimba hapunguzwi chakula.

9. WATOTO WA PAKA: MIZANI KILA SIKU

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na anatakiwa kuongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Kwa wiki mbili za kwanza mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, baada ya hapo kila wiki. Akifika wiki ya nane awe anakaribia gramu 800 hadi kilo moja.

Mtoto ambaye hajaongezeka kwa siku nzima, au ameshuka, yuko hatarini leo hii, siyo kesho. Angalia kama ananyonya, kama yuko baridi, kama wenzake wanamsukuma. Mpashe joto kwanza, ndipo utafute msaada wa kumlisha. Usimpe maziwa akiwa wa baridi. Mwili uliopoa hausagi chakula.

10. UZITO NDIO UNAOPIMA DAWA

Hata kama hutajali mengine yote, kwa hili pekee mpime paka wako. Dawa ya minyoo inatolewa kwa kilo. Ukikisia chini minyoo haifi, ukikisia juu unamuumiza.

Na mazoea ya kumgawia paka dawa ya ng'ombe yaishe. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe imeandikwa mililita 1 kwa kilo 50. Kwa uwiano huo paka wa kilo 3 angepata mililita 0.06, kiasi ambacho bomba la sindano la kawaida haliwezi kukipima. Ukimpa "kidogo tu" umempa dozi ya ndama. Dawa za kuogesha na kunyunyizia mifugo au mbwa zenye permethrini au amitrazi ni sumu kwa paka; anatetemeka, anapata degedege, anaweza kufa. Parasetamoli ya binadamu, hata kidonge kimoja, inaua paka. Mwambie daktari uzito wa paka, naye akupe dawa ya paka.

KAZI YA WIKI HII

Kesho asubuhi kabla ya kumlisha, mpime. Mguse mbavu, kiuno, mgongo na tumbo. Andika tarehe na namba. Piga hesabu ya asilimia 5 na 10, uziandike juu ya ukurasa. Weka alama kwenye kalenda ya mwezi ujao, siku ile ile unayopima kuku ili usisahau.

Kazi yote ni dakika kumi kwa mwezi. Ukiwa na daftari la miezi sita, siku paka atakapougua daktari hataanza na "sijui, naona kama amekonda." Ataanza na namba, na muda mtakaookoa ndio unaoweza kumponya.

Kazi njema, na ghala salama.